SQL Server Express: miaka sita dukani Kariakoo

Jumamosi saa nne asubuhi, wateja wa mikoani wamejaa wanataka kufunga mzigo, mfumo ukagoma kutoa ankara. Keshia akaniita: "Dada, kompyuta inasema nafasi imejaa." Naangalia diski, gigabaiti zaidi ya 300 ziko wazi.

Natunza hesabu na kompyuta za duka la jumla la vifaa vya umeme hapa Kariakoo. Mfumo wetu wa mauzo na stoo ulifungwa juu ya SQL Server Express 2019, toleo la bure la programu ya Microsoft ya kutunza hifadhidata, yaani data zote za mfumo. Fundi aliyetufungia hakugusia kwamba kila hifadhidata ina kikomo cha gigabaiti 10. Nilipompigia akasema futa faili la logi, lile la .ldf linaloandika kila badiliko la data. Kikomo hicho kinahesabu mafaili ya data tu, logi haimo kabisa, kwa hiyo ningefuta hadi jioni bila kuuza hata swichi moja.

Nikafungua ripoti ya ukubwa wa majedwali. Mauzo yote tangu tuanze hayajafika gigabaiti 2! Aliyekula nafasi ni jedwali moja la picha: kila hati ya kupokea mzigo ilikuwa inapigwa picha kwa simu na kuingizwa humo nzima nzima. Nikahamishia zile za zamani kwenye folda, ndani nikaacha jina la faili tu. Saa nane mchana tukaanza kuuza tena.

Kwa duka kama letu Express sina ugomvi nayo, ila uijue. Haina Agent, kile kipangaji cha kazi za kujiendesha, kwa hiyo nakala rudufu haijipangi yenyewe. Yangu naiendesha kwa Task Scheduler ya Windows, kila siku saa mbili usiku inakwenda diski ya nje. Na bosi alishanunua RAM ya gigabaiti 32 ili mfumo ukimbie. Express inachukua megabaiti 1410 tu za kuhifadhia data inayosomwa. Zilizobaki anafaidi keshia na YouTube yake.

Kijana mmoja wa jirani akanishauri tuweke toleo la Developer: bure, lina uwezo wote wa Enterprise, lile toleo kubwa la kulipia, halina vikomo hivyo. Ni kweli, lakini leseni yake ni ya kutengenezea na kujaribia programu. Kuuzia nyaya hairuhusiwi. Standard, toleo la kulipia la kawaida, nayo unalipia kwa viini vya prosesa, visivyopungua vinne, au unalipia seva halafu na leseni ya kila mtumiaji au kifaa. Bosi aliisoma karatasi ya bei akiwa amesimama, akanirudishia bila kuketi.

Kilichotuokoa ni toleo la 2025, ambalo limepandisha kikomo cha Express hadi gigabaiti 50, na bado ni bure. Tumehamia mwezi uliopita, baada ya kulijaribu kwa nakala kwenye kompyuta ya pembeni wiki nzima. PostgreSQL, programu nyingine ya hifadhidata ya bure, ingetutoa kabisa kwenye habari za vikomo na leseni, ila mfumo wetu haujaandikwa kuongea nayo.

Fundi amesikia kuhusu hizo 50, ameshaniuliza kama arudishe picha ndani. Nimemwambia aziache kwenye folda.