Uzoefu wangu: kutembea Tabora kabla ya masika, kutoka stesheni hadi Kwihara

Kama unataka kuifaidi Tabora kwa miguu, njoo mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Wenyeji wengi watakwambia usubiri masika ili mji uwe kijani. Mimi nimetembea majira yote mawili na bado nachagua kiangazi, kwa sababu miombo, miti ya pori la huku, haisubiri mvua. Mizizi yake imekwenda chini sana, inakunywa maji ambayo nyasi haziwezi kuyafikia, hivyo vumbi likiwa bado limetanda barabarani, mti tayari umechipua. Tena majani hayo machanga ya mtundu na myombo hayatoki kijani. Hutoka mekundu, mengine ya rangi ya shaba, na wekundu huo ndio unaoyakinga na jua kali mpaka yakomae. Asubuhi jua likipenya katikati yake, pori zima linawaka.

Mimi huanzia stesheni, kama saa kumi na mbili na nusu. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1912, na ukitoka hapo kwenda mjini unapita chini ya miembe mikubwa yenye kivuli cha kweli. Mji uko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo saa hiyo kuna kiubaridi hata mwezi huu wa joto. Maembe bado machanga, lakini watoto wanaokwenda shule hawana subira: mmoja anarusha kijiti, wawili wanakimbilia kuokota, na chumvi yenye pilipili iko tayari kwenye kipande cha daftari. Wamama wanaopanga karanga na matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) kando ya njia huwa wameshafika. Salimia kwanza, "Mwangaluka, mayu," ndipo uulize bei. Nunua matobolwa, ni chakula kizuri cha safari, yanashibisha na hayaharibiki kwa joto.

Katikati ya mji sina mengi ya kusema. Pita tu.

Utamu uko kwenye njia ya Kwihara. Ni kilomita kadhaa kutoka mjini, mwendo wa asubuhi kwa mtu asiye na haraka, na ukiacha nyumba nyuma unaanza kukutana na miti iliyobaki ya pori. Nilisimama muda mrefu chini ya mninga mmoja uliochanua. Watu tunaujua mninga ukiwa kitanda au mlango. Wachache tumewahi kuuangalia ukiwa na maua. Yana rangi ya manjano iliyokolea, yananukia utamu, na nyuki walikuwa wengi mpaka mlio wao ulisikika kabla sijauona mti wenyewe. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini asali ya Tabora inasifiwa kote nchini.

Mwisho wa safari ni tembe la Kwihara, alipokaa Livingstone mwaka 1872 baada ya kufika na Stanley kutoka Ujiji. Waliagana Machi, Stanley akaelekea pwani, na mzee akabaki hapa hadi Agosti akisubiri wapagazi na mizigo. Ndani kuna nakala za barua na ramani. Usitegemee makumbusho makubwa, lakini kuta nene za tembe zina ubaridi unaoupokea kwa shukrani baada ya jua la njiani, na kukaa kwenye kivuli cha ua wake kunatosha kulipia safari nzima.

Sasa kasoro. Ikifika saa nne jua halina mzaha, na sehemu kubwa ya njia haina mti hata mmoja. Mabenchi hakuna. Vibao vya kuelekeza ni vichache, utauliza sana. Kinachoniuma zaidi ni visiki. Miti inakatwa kwa mkaa na kwa kuni za kukaushia tumbaku, na kila nikirudi naona pori limesogea mbali zaidi na mji. Ningefurahi sana kuona kipande kimoja cha miombo karibu na mjini kikiachwa kwa ajili ya watu kutembea na nyuki kufanya kazi, chenye njia safi na viti vichache vya mbao. Mji wenye asali na mninga wa namna hii unastahili bustani ya miti yake yenyewe.

Beba maji ya kutosha na kofia, vaa viatu vilivyofunika vidole kwa sababu ya miiba. Kurudi chukua bodaboda, mpatane bei kabla hujapanda. Na usichelewe: wekundu wa majani hukaa muda mfupi tu, ukija Novemba utakuta yote yameshakuwa kijani.