TAHADHARI: Mafundi wa zulia wanaoweka sponji mpya pembeni tu na kuacha ya zamani katikati

Ndugu zangu, yeyote anayepanga kubadilisha zulia la ukuta kwa ukuta nyumbani kwake, naomba asome hapa kabla hajatoa hata kishika uchumba. Mimi nimeshalizwa. Jina la muuzaji silitaji. Nataka muijue mbinu yenyewe, kwa sababu mtu mwingine yeyote anaweza kuitumia.

Nilikuwa na vyumba viwili: chumba cha kulala cha mita 3.6 kwa 4.5, na sebule ya mita 3.8 kwa 5.2. Zulia la zamani lilikuwa limechakaa na sponji ya chini yake imelala kabisa, ukikanyaga unaisikia sakafu. Nikakubaliana na muuzaji kwamba ataleta zulia jipya, sponji mpya ya milimita 10 na mafundi wake, na takataka za zamani wataondoka nazo. Kipande cha sponji alichonionyesha kilikuwa kizito, ukikibinya kinarudi palepale. Akataka asilimia 70 mbele, nikampa.

Siku ya kazi sikuwepo. Nyumbani alikuwepo mama. Vijana wawili walifika wakamwambia, "Mama, kaa nje kidogo, vumbi litakuumiza kifua." Akakaa barazani mpaka wakamaliza. Niliporudi zulia lilikuwa limetandikwa na linapendeza. Nikanyanyua kona ya karibu na mlango, kama watu wanavyoshauri siku zote, nikaona sponji mpya kabisa. Nikamalizia malipo nikiwa na furaha.

Wiki ya tatu sebule ikaanza kufanya mawimbi katikati. Halafu ile harufu ya zamani ikarudi. Nikamwita fundi mwingine, akafungua zulia mbele yangu. Kuzunguka kuta zote palikuwa na utepe wa sponji mpya, upana kama sentimita 40. Kuanzia hapo kwenda ndani ilikuwa sponji yangu ileile ya zamani, hata doa la maji ninalolijua lipo, na ukiishika inamomonyoka mkononi kama unga. Walijua mteja akikagua atanyanyua kona, kwa hiyo kona wakaziandaa.

Sasa angalieni hesabu, maana ndiyo iliyonihakikishia kwamba huu haukuwa uzembe. Sponji ya aina niliyonunua huja kwa jora la upana wa mita 1.37 na urefu wa mita 11, yaani mita za mraba 15 hivi. Vyumba vyangu kwa pamoja ni mita za mraba 36, kwa hiyo yalihitajika majora matatu, na matatu ndiyo yaliyoandikwa kwenye ankara. Mama anakumbuka vizuri kwamba liliingia moja. Ukikata vipande vya sentimita 40 ukazungusha kuta zote za vyumba viwili, jora moja linatosha.

Wapo watakaosema sponji haionekani, kuna hasara gani? Hasara ipo kubwa. Sponji ndiyo inayobeba mikanyago ya kila siku. Ikiwa imebonyea, zulia jipya linazama kwenye mashimo ya zamani na mgongo wake unachoka upesi. Pale mpya inapokutana na kuukuu panatokea ngazi ndogo, na baada ya muda unaiona juu kama mstari. Baadhi ya watengenezaji pia hawakubali madai ya waranti zulia likitandikwa juu ya sponji ya zamani.

Kwenye zulia lenyewe nako nilipigwa. Chumba cha upana wa mita 3.6 kinatoshwa na jora la upana wa mita 4. Unakata urefu wa mita 4.6 ili kubaki na ziada ya kupunguza ukutani, unapata mita za mraba 18.4. Mimi nimetozwa 23, kana kwamba jora lilikuwa la mita 5, wakati zulia hilo dukani lipo la mita 4 tu. Kipande kilichobaki nacho wakaondoka nacho, na kile ni mali yangu, ndicho ningetumia kuziba pakiungua au pakichanika.

Mawimbi yalikuwa na sababu nyingine pia. Vile vibao vyembamba vya misumari vinavyoshika zulia pembeni mwa ukuta waliviacha vya zamani, vimeota kutu na vingine vimelegea, na zulia halikuvutwa kwa kifaa. Lililazwa tu na kusukumwa kwa mikono.

Nilipolalamika, muuzaji akasema niwafuate mafundi. Mafundi wakasema walitandika walichopewa. Wiki mbili nikarushwa huku na huku, kisha simu zikaacha kupokelewa. Makubaliano yetu yalikuwa ya mdomo, na ankara haikusema nani anawajibika kwa utandikaji. Hili ndilo linaloniuma zaidi.

Kwa hiyo, jamani, kukagua kona peke yake hakutoshi. Uwepo, au awepo mtu unayemwamini, ule muda sponji imeshatandazwa na zulia bado halijapanda juu. Ni dakika chache. Tembea juu yake, piga picha chumba kizima, kisha ndiyo zulia lishuke. Majora yahesabiwe mlangoni yanapoingia. Fundi akikataa usimame hapo, simamisha kazi. Vumbi ni kweli lipo wakati wa kung'oa zulia la zamani, lakini wakati wa kutandaza sponji mpya hakuna vumbi la kumfukuza mtu nyumbani kwake.

Na katika kutafuta fundi, picha za kazi ya jana zisikudanganye, kila zulia linapendeza siku ya kwanza. Omba kuona kazi aliyoifanya mwaka mmoja uliopita. Yule aliyeniokoa alikuja na futi, akapima mara mbili, akaangalia kama sakafu ina unyevu, akauliza mlango utapita juu ya unene mpya au upunguzwe chini. Wale wa kwanza hawakuuliza hata swali moja.

Kama umeshatandikiwa na una shaka, usilipie salio. Piga magoti katikati ya chumba, bonyeza kwa kiganja, kisha bonyeza karibu na ukuta, ulinganishe. Ukihisi tofauti, zulia lifunguliwe mbele yako, na upige picha kabla mtu hajagusa kitu.

Zulia langu halikuharibika. Limetandikwa upya juu ya sponji nzima na vibao vipya, na mama alisimama mlangoni mwanzo mpaka mwisho. Sponji nimeinunua mara ya pili.