Vitimbi au vichekesho vya simu?

Ubishi huu wa wachekeshaji wa Kenya hauishi: Mzee Ojwang' wa Vitimbi, kipindi cha zamani cha runinga ya KBC, au Njugush wa YouTube?

Kwa lugha, nawapa wazee. Benson Wanjau, aliyemwigiza Ojwang' na kufariki 2015, alikuwa Mkikuyu, lakini Ojwang' wake aliongea Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo hadi watu wakaamini kwao ni Nyanza. Kichekesho kilikuwa ndani ya sentensi yenyewe, na Mama Kayai, mkewe kwenye igizo, alijua wakati wa kumkata kauli. Vijana wanachanganya Kiswahili, Kiingereza na Sheng. Bibi yangu huishia kuuliza tunacheka nini.

Kwa kupatikana, vijana wanashinda bila jasho. Vitimbi ulivisubiri KBC, na stima zikipotea, umekosa. Njugush yuko mfukoni saa yoyote, ila bando ni lako.

Kudumu? Mzaha wa habari za wiki hii huchacha upesi. Vituko vya mume na mke havichachi, na Njugush, anayeigiza na mkewe, analijua hilo. Tuseme kweli pia: Vitimbi navyo vilikuwa na vipindi vya kuburuta.

Ukiwa sebuleni na wakwe, weka Ojwang'. Ukiwa kwenye matatu jioni, dakika tatu za Njugush zinatosha.