TXschools.gov: usiishie kwenye herufi

Tovuti hii ya TEA, idara ya elimu ya jimbo la Texas, ni ya bure na haidai usajili. Andika jina la shule, inakuletea herufi kuanzia A hadi F: A ni alama 90 kwenda juu, F ni chini ya 60. Kwa mzazi anayehamia Houston au Dallas inasaidia, ila herufi kubwa iliyo juu ndiyo sehemu inayopotosha zaidi. Nyota 3 kati ya 5.

Herufi hiyo inatokana na hesabu tatu: ufaulu, maendeleo, na pengo baina ya makundi ya wanafunzi. Kati ya ufaulu na maendeleo huchukuliwa iliyo juu na kupewa uzito wa asilimia 70. Pengo hubaki na 30. Katika shule ya msingi, ufaulu ni STAAR peke yake, mtihani wa jimbo unaoanza darasa la 3. Tuseme kwa kila watoto 100, 60 wamefika ngazi ya kukaribia kiwango cha darasa lao au zaidi, 36 ya kukifikia au zaidi, na 12 wamebobea. Jumla 108, gawa kwa 3, unapata 36, kisha jedwali linaigeuza kuwa alama ya mwisho. Aliyebobea, kumbe, amehesabiwa mara tatu.

Kasoro kubwa iko kwenye maendeleo, maana hapo nako kuna sehemu mbili na huchukuliwa iliyo juu. Ya kwanza inamfuata mtoto yuleyule mwaka hadi mwaka (darasa la 3 halimo, halina alama ya nyuma). Ya pili inailinganisha tu shule na nyingine zenye watoto wa kipato cha chini kwa kiwango hichohicho. Basi shule yaweza kujivunia B ya "maendeleo" na watoto wamekwama palepale. Bofya mpaka uone ni sehemu ipi iliyoibeba.

Shule inayoishia darasa la 2 haina STAAR. Hukopeshwa alama za shule nyingine. Wala usilinganishe sekondari ya 2022 na ya 2023: kigezo cha A katika utayari wa chuo, kazi au jeshi kilipanda kutoka asilimia 60 hadi 88, hivyo shule iliweza kushuka bila chochote kubadilika darasani. Matokeo hayo ya 2023 yenyewe yalikwama mahakamani hadi Aprili 2025.

Familia zetu zijue hili: STAAR ipo kwa Kiingereza, na kwa Kihispania darasa la 3 hadi la 5, Kiswahili hakuna. Matokeo ya mtoto anayejifunza Kiingereza aliye mwaka wa kwanza katika shule za Marekani hayaingii, na ya mkimbizi aliyekosa elimu ya kutosha kabla ya kuja huachwa hadi miaka mitano. Kwa hiyo A haikuambii wageni wanafundishwaje. Fungua hesabu ya pengo, utafute kipengele cha Kiingereza kinachotokana na TELPAS, mtihani wa Kiingereza kwa wanaojifunza lugha hiyo.