Space-Track: data ya bure, ila kosa lake hulioni popote

Orodha ya jeshi la Marekani ya vitu vinavyozunguka dunia, kuanzia setilaiti nzima hadi vipande vyenye ukubwa wa ngumi, raia wa kawaida huipata Space-Track.org. Data hutoka kwa 18th Space Defense Squadron, kikosi cha Vandenberg, California. Akaunti ni bure: unajaza fomu, unakubali masharti, basi. Sharti moja lisomwe vizuri, nalo ni kwamba data hii haigawiwi ovyo kwa watu wengine.

Wengi huja kuchukua TLE, yaani mistari miwili yenye herufi 69 kila mmoja inayoeleza njia ya kitu kimoja angani. Ndani yake mna namba ya katalogi, epoki (wakati ambao namba hizo zinahusu), mwinamo wa njia, mizunguko kwa siku na kipimo cha ukinzani wa hewa. Namba hizo ni za SGP4 peke yake, kanuni ya kukokotoa setilaiti itakuwa wapi. Ukiziingiza kwenye kanuni za Kepler za darasani utapotea, kwani ni wastani uliopikwa kwa kanuni ya SGP4 yenyewe. Jibu nalo hutoka katika fremu ya TEME, yaani mhimili wa kupimia mahali angani. Ukilichukulia kuwa ni J2000, fremu nyingine inayotumika sana, umeshakosea kwa makumi ya kilomita kabla hujawasha redio.

Lawama yangu kubwa ni kwamba TLE haisemi imekosea kiasi gani. Kwa njia za chini, kadiria kilomita moja hivi kwenye epoki, kisha ongeza kilomita moja hadi tatu kila siku inayopita. Jua likichafuka hewa ya juu hutanuka, na makadirio hayo hayafai tena. Sehemu kubwa ya kosa huwa mbele au nyuma kwenye njia ileile, kwa hiyo setilaiti huwahi au huchelewa. Mwenye antena ya Yagi yenye upana wa digrii 30 hana wasiwasi: kilomita 10 kwa umbali wa kilomita 500 ni kama digrii moja tu. Kwa mwenye leza, digrii moja ni kukosa kabisa. (Leza za kijeshi za Marekani zinazoelekezwa juu hupangiwa muda na Laser Clearinghouse, zisije zikapiga setilaiti ya mtu.)

Kwa kukwepa ajali, TLE usiiguse. Tarehe 10 Februari 2009 hesabu za TLE zilionyesha Iridium 33 na Kosmos 2251 zingepishana kwa mita 584. Ziligongana. Mwenye setilaiti ajisajili kama mwendeshaji apate ujumbe wa CDM, yaani tahadhari ya vitu viwili kukaribiana, ambao hubeba muda wa kukaribiana, umbali na matriksi ya kovariansi, yaani lile kosa ambalo TLE inaficha. Wengi huanza kufikiria kusogea uwezekano wa kugongana ukifika 1 kwa 10,000. Kama setilaiti yako haina injini ya kusukumia, CDM itabaki kuwa habari tu.

API, yaani mlango wa programu kuomba data yenyewe, ni nzuri ila ina wivu: chini ya maombi 30 kwa dakika na 300 kwa saa. Kosa la kawaida ni skripti inayoomba setilaiti mojamoja, akaunti hufungiwa. Tenganisha namba za katalogi kwa koma, uombe zote mara moja, tena si saa kamili wakati kila mtu anaomba, bali dakika ya 17 au 43. Chukua OMM (muundo mpya wa data ileile) kwa JSON badala ya TLE, kwa sababu namba za katalogi za tarakimu tano zinaelekea kuisha na programu za zamani zitakwama.

Udhaifu mwingine huonekana baada ya roketi inayobeba setilaiti nyingi kwa pamoja. Ile iliyobeba Taifa-1 ya Kenya, 15 Aprili 2023, ilikuwa na mizigo 51. Baada ya urushaji wa namna hiyo vitu huorodheshwa kwanza kama OBJECT A, B, C, bila mwenyewe. Dawa ni kurekodi mkunjo wa Doppler (jinsi masafa ya redio ya setilaiti yako yanavyobadilika inapopita) katika mapito kadhaa, kuulinganisha na kila TLE ya kundi hilo, kisha kukiandikia kikosi cha Vandenberg jina sahihi.

Ukurasa wa TIP, wa vitu vinavyoanguka, usomwe kwa moyo mgumu. Kiwango cha kukosea cha saa moja mbele na saa moja nyuma ni zaidi ya kilomita 50,000 za njia. Hapo hauwezi kukuambia kama chuma kitaangukia Makueni au Bahari ya Hindi.