Nimekopa hela ya shamba sehemu tatu, uzoefu wangu

Misimu mitatu nimekopa kwa wakopeshaji watatu, nawaambia ukweli wenzangu mnaolima msije mkaangalia riba ya kwenye tangazo tu mkasaini.

Msimu wa kwanza kuna taasisi ilinipa kwa riba 12% kwa mwaka, benki ikasema 18%, nikaona benki wananiibia, nikachukua ile ya taasisi. Kumbe ile 12 wanaipiga kwenye mkopo wote mpaka rejesho la mwisho, hata ukiwa umeshalipa zaidi ya nusu, wakati benki wanahesabu salio lililobaki. Nilikuja kupiga hesabu baadaye, 12 ya namna ile kwa marejesho 12 ya kila mwezi ni sawa na 21 na ushee ya benki!! Bado ada 3% waliyokata kabla hata sijashika hela. Na rejesho la kwanza ni mwezi unaofuata, mbegu ndo kwanza zinaota, utalipa na nini? Niliuza mifugo.

Nikamaliza deni, hati ya shamba niliyoweka dhamana ikakaa kwao miezi miwili mingine, na bila hati benki hawanisikilizi. Hapo ushindani unakufa kabisa, wakopeshaji wako wengi ila wewe umefungwa kwa mmoja.

Ndo maana msimu wa pili nikachukua pembejeo kwa mkopo kwa muuzaji. Hawaombi dhamana, mbolea ilifika kabla ya mvua, hilo nawashukuru. Wanasema hakuna riba, ila bei ya mkopo ilikuwa 10% juu ya bei ya keshi na deni la miezi minne tu, kwa mwaka hiyo ni kama 30%.

Msimu wa tatu nilikuwa nimeshapata hati, nikaomba ofa ya maandishi kwenye chama cha akiba na mikopo nikaipeleka benki, nikabeba na taarifa ya marejesho yangu yote ya nyuma maana bila hiyo kila mkopeshaji mpya anakuona mgeni tu. Benki riba hawakugusa hata kidogo, lakini ada ikashuka toka 3% hadi 1% na wakakubali nilipe mara moja baada ya mavuno. Kwangu hilo la tarehe ya kulipa lilikuwa kubwa kuliko riba yenyewe, nimeuza mazao bei ikiwa imeshapanda kidogo na hakuna mnyama aliyetoka zizini. Msimu huu narudi kwao, ila na chama nao nitawaomba ofa tena.