Uzoefu wangu na Elasticsearch: nyota mbele ya neno la Kiswahili

Nina mkusanyiko wa maandishi ya kilimo: majarida ya vyama vya ushirika, taarifa za mabwana shamba, kumbukumbu za mikutano ya vijiji. Mengi yalikuwa karatasi, yakapigwa skana, na programu ikayageuza kuwa maandishi. Nimeyaweka kwenye Elasticsearch, programu ya kuhifadhi na kutafuta maandishi, kila ukurasa ukiwa hati moja. Nitasimulia jambo moja tu, kwa sababu ndilo lililonichukulia muda mwingi kuliko yote: kutafuta neno kwa kutumia nyota na alama ya kuuliza. Nyota husimama badala ya herufi zozote, ziwe nyingi au pasiwepo hata moja. Alama ya kuuliza ni herufi moja tu.

Alama ya kuuliza ilinifaa siku ile ile ya kwanza. Kurasa zilizochujuka zilisomwa vibaya, herufi l ikageuka tarakimu 1, na wakulima wangu wengi wakaandikwa "mku1ima". Nikiandika mku?ima, wote wanakuja, wazima na wenye kasoro. Kwa mtu yeyote mwenye karatasi za zamani, hili peke yake linatosha kumfanya aijaribu.

Kisha nikakosea mimi. Niliandika Mkulima* kwa herufi kubwa nikapata patupu, wakati neno limejaa kila mahali. Ni kwamba maandishi yanapoingizwa, kichanganuzi cha kawaida huyakata neno moja moja na kuyafanya yote herufi ndogo, lakini neno lenye nyota halikupitia njia hiyo. Lililinganishwa jinsi lilivyoandikwa. Kuanzia toleo la 7.10 unaweza kuweka "case_insensitive" kuwa kweli, tatizo likaisha. Na kwa kuwa faharasa, yaani orodha ya maneno inayotumika kutafutia, ina neno moja moja, usiandike "bwana sh*" kama ulizo moja la nyota ukitegemea kupata mabwana shamba.

Sasa niingie kwenye kiini. Chini ya Elasticsearch kuna Lucene, maktaba ya utafutaji iliyoanzishwa na Doug Cutting mwaka 1999. Lucene hupanga maneno yote ya hati zako kwa mpangilio wa alfabeti, kama kamusi, na kando ya kila neno huweka orodha ya hati zenye neno hilo. Ukitafuta lim*, inafungua pale penye L-I-M na kusoma kuanzia hapo, haraka sana. Ukitafuta *lima, hakuna pa kufungua. Chukua kamusi yoyote ya Kiswahili ujaribu kutoa maneno yote yanayoishia na -lima: utasoma ukurasa kwa ukurasa. Ndiyo maana sehemu ya Lucene inayosoma maulizo hukataa nyota mbele ya neno mpaka uiruhusu, nyaraka za Elasticsearch zinaonya dhidi yake, na toka toleo la 7.7 msimamizi anaweza kuzuia maulizo mazito ya aina hii kwa "search.allow_expensive_queries".

Onyo hilo linamfaa Mwingereza. Neno lake hubadilika mkiani: farm, farmer, farming, nyota nyuma inatosha. Letu hubadilika kichwani. Analima, tulilima, hawatalima, atakayelima: viambishi awali vimekaa mlangoni na mzizi uko ndani. Kwetu nyota ya mbele ndiyo njia ya kawaida ya kulifikia neno, si anasa. Na katika vichanganuzi vya lugha vinavyokuja na Elasticsearch, ambavyo vina Kiarabu, Kihindi, Kithai na nyingine nyingi, Kiswahili hakimo. Hilo linaniuma, nalisema wazi.

Dawa iliyonifaa ni kugeuza maneno. Kuna kichujio, yaani hatua ya kubadili maneno yanapoingizwa, kinachoitwa "reverse". Nilitengeneza uga wa pili, yaani sehemu nyingine ndani ya kila hati, ambamo kila neno limehifadhiwa kinyumenyume: analima inakuwa amilana. Mtu akitafuta *lima, programu yangu inageuza ulizo kuwa amil*, na nyota imerudi nyuma, mahali Lucene inapopapenda. Majibu yalianza kuja papo hapo. Faharasa ilinenepa, lakini si kwa kiasi cha kunitisha.

Hata hivyo *lima inaacha kilimo, inaacha shamba lililolimwa na trekta wanayolimia. Nikajaribu *lim*, nyota pande zote. Hapo nikajifunza kitu ambacho si cha kompyuta hata kidogo. Zilikuja hati za walimu, za elimu, za Kilimanjaro, za ulimwengu mzima. Mbaya zaidi, zikaja alimwambia, alimpa, walimkuta, kwa sababu -li- ya wakati uliopita ikifuatwa na -m- ya mtendwa inazaa "lim" katika kila habari iliyowahi kusimuliwa. Kasi haiwezi kutibu hilo. Tena ulizo la nyota kwa kawaida huzipa hati zote alama sawa, kwa hiyo Kilimanjaro na kilimo zilisimama mstari mmoja, hakuna wa mbele wala wa nyuma.

Aina ya uga inayoitwa "wildcard", iliyokuja na toleo la 7.9 mwaka 2020, hukata maandishi vipande vya herufi tatu tatu ili nyota ya katikati iende haraka. Ni nzuri, ila huchukua thamani nzima bila kuikata maneno, hivyo nimeiweka kwenye vichwa vya habari na majina ya vijiji tu.

Mizizi mifupi nimeishughulikia kwa mkono. Kichujio cha "stemmer_override" hupokea orodha yako mwenyewe: nimeandika kwamba mkulima, wakulima, kilimo, walilima na wenzao wote wahesabiwe kuwa lim, na mwalimu aachwe na shughuli zake. Ni kazi ya jioni nyingi. Mizizi mirefu haihitaji hayo. Ulizo *nunu* linaleta mnunuzi, ununuzi na walinunua kwa usafi wa kupendeza.

Juzi bwana shamba mmoja mstaafu alikuja kutafuta habari za kupalilia mahindi. Tukaandika *palili*, zikaja wamepalilia, yamepaliliwa, hayajapaliliwa, akafurahi. Kisha akauliza, "Na palizi je?" Haikuwemo, kwa kuwa pale l ya mwisho imegeuka z. Nimeiongeza kwenye orodha usiku ule ule.